Jiwe la Upande wa Moyo

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa lugha ya Kichina na wafanyabiashara wa safari za Guangzhou, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, habari za jioni.

Kabla sijasema lolote, hapa kwenye meza ya mbele nimeweka kijiwe cha jade, lile jiwe gumu ambalo Wachina hulithamini sana. Ni kisahani cha duara, kina tundu katikati, rangi yake kijani iliyofifia. Namwomba dada aliyekaa hapo akichukue, akishike kidogo, kisha akiweke mezani mbele ya jirani yake. Asimkabidhi mkononi. Akiweke, mwenzake akichukue mwenyewe, na iwe hivyo hivyo mpaka kizunguke ukumbi mzima. Sababu nitaieleza baadaye. Kikikufikia, angalia jambo moja tu: ni baridi, na kinachelewa kupata joto.

Mimi ni mkalimani. Nimeishi Guangzhou, kusini mwa China, miaka tisa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilipanga chumba cha juu kwa bibi mmoja mjane. Kila nilipopita sebuleni kwake nilimkuta anachambua mboga, na mkono wake wa kushoto una bangili moja ya jade, nene kama kidole, kijani yenye mawingu meupe. Bangili nzima, haina kifungo wala mwanya. Siku ya kwanza nikataka kuonyesha adabu, nikamsifia, halafu nikamuuliza aliinunua kwa bei gani.

Bibi akanyamaza. Akaendelea kuchambua mboga zake. Baada ya muda akaniambia maneno ambayo baadaye niliyasikia mara nyingi kwa Wachina wengi: dhahabu ina bei, jade haina bei.

Nilidhani ananificha. Kumbe alikuwa ananifundisha. Bangili ile alivalishwa na mama mkwe wake akiwa na miaka 23, siku chache kabla ya harusi. Ilipita mkononi kwa sabuni, kwa kubanwa, na kwa machozi kidogo. Tangu hapo mkono umenenepa, mifupa imekomaa, na bangili haikutoka tena. Ameoga nayo, amelala nayo, amejifungua nayo watoto wanne, amemzika mume nayo. Nikamuuliza haimbani? Akaizungusha taratibu mkononi kwa kidole gumba, akasema, “Nikiwa na wasiwasi naizungusha hivi.” Basi.

Nimekuja kuwaambia kile nilichokikosa siku ile kwa swali langu la bei. Kwetu pambo tunalivaa tunapotoka, tukirudi tunalivua na kulirudisha kabatini. Jade Mchina anaishi nayo. Inakaa mwilini mpaka inakuwa kama jamaa wa nyumbani, na mila zote nitakazozitaja jioni hii zinatoka hapo.

Chukueni hii ya mkono wa kushoto. Wengi watakwambia kushoto ndiko moyo uliko, kwa hiyo jiwe linakaa jirani na damu. Mwenye duka atakwambia mkono wa kulia ndio unaofanya kazi, unaogonga milango na masufuria, na jade ikigongwa inapasuka. Yote mawili ni kweli kwa wanaoyasema, na mimi sioni haja ya kuchagua.

Kuvaa kwenyewe ni tukio. Bangili hupimwa kwa kipenyo cha ndani, milimita 54, 56, 58, na muuzaji mzoefu hukutazama kiganja akajua. Niliwahi kusimama kwenye duka moja karibu na hekalu la Hualin, mtaa uliojaa jade mwanzo hadi mwisho, nikamwona binti anavalishwa. Muuzaji alimvika kwanza mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, akamwambia akunje kidole gumba kiingie kiganjani, alegeze bega, atazame pembeni. Kisha akaisukuma bangili juu ya mfupa wa gumba kwa nguvu moja, akauvuta ule mfuko ukatoka chini yake. Binti akapiga kelele, mama yake akacheka kwa furaha. Mkono ulikuwa mwekundu. Hakuna aliyesema “itoe tujaribu nyingine”. Bangili ikiingia vizuri husemwa kwamba mtu na jiwe lake wana fungu moja, kwamba jiwe ndilo limemchagua.

Kisha kuna kulea. Wachina wana msemo kwamba mtu huilea jade miaka mitatu, nayo jade humlea yeye maisha yake yote. Wazee huketi bustanini wakikisugua kijiwe kiganjani kama mtu avutaye tasbihi, na baada ya miaka kinang'aa kama kimepakwa samli. Mafuta ya ngozi na msuguano wa kila siku hufanya kazi hiyo, hasa kwenye jade laini ya Hotan, magharibi mwa China. Wanaovaa husema zaidi ya hapo: jiwe likikolea rangi, mvaaji ana afya; likififia, aende akapimwe. Hapo mimi nasema wazi, kama nilivyomwambia rafiki yangu mmoja mwenye shinikizo la damu: vaa jade yako, na dawa yako umeze. Lakini sitamcheka anayelitazama jiwe lake kila asubuhi. Anayetazama jiwe anautazama na mkono wake, na asiyejitazama kabisa ndiye wa kuhurumiwa.

Na likivunjika? Hapa Mswahili ataelewa haraka kuliko watu wengi duniani.

Mkwe wa yule bibi yangu alianguka na pikipiki, mvua imenyesha, barabara inateleza. Akaja nyumbani na goti limechubuka, analia. Hakulilia goti. Bangili ilikuwa imekatika vipande vitatu, navyo alikuwa amevikusanya barabarani, magari yakimpigia honi. Nikadhani bibi atagomba. Bibi akavipokea vile vipande, akavifunga kwenye kitambaa chekundu, akavitia kwenye mtoto wa meza, akamwambia, “Imekwenda badala yako.” Halafu akaenda kumpikia supu.

Sisi tuna neno moja la kueleza yote haya: kafara. Shari ilikuwa inamjia mtu, jiwe likajitanguliza. Ndiyo maana jade iliyovunjika haitupwi jalalani, maana aliyekufia hutupi maiti yake. Huwekwa, au huzikwa, au hupelekwa kwa sonara akaunganisha vipande kwa pingu za dhahabu. Bangili ya namna hiyo, jade iliyoshikwa kwa dhahabu, wengine huiona nzuri kuliko nzima. Yule mkwe alifanya hivyo mwaka uliofuata, na pingu tatu za dhahabu zikawa zinameta mkononi mwake kila anapoinua kikombe.

Haya hayakuanza jana. Kaskazini mwa China, katika makaburi ya watu wa utamaduni wa Xinglongwa, walikutwa wafu na vipuli vya jade masikioni, duara zenye mwanya mmoja, na umri wake ni kama miaka 8,000. Karibu na Hangzhou, watu wa Liangzhu walichonga visahani vyenye tundu, babu wa hicho mnachozungusha, miaka zaidi ya 4,000 iliyopita, wakati hawakuwa na chuma. Jade ni ngumu kiasi kwamba kisu cha chuma cha kawaida hakiikwaruzi. Walikata kwa kamba na mchanga, wakisugua siku baada ya siku. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme aliyekuwa pia jemadari wa vita, lilifukuliwa Anyang mwaka 1976, na ndani yake vilikuwamo vitu 755 vya jade. Na mwanamfalme Liu Sheng, aliyekufa mwaka 113 kabla ya Kristo, alizikwa amevikwa vazi zima la jade, utosini hadi kwenye nyayo, vipande 2,498 vilivyoshonwa kwa uzi wa dhahabu. Waliamini jade haitauacha mwili uoze. Kaburi lilipofunguliwa mwaka 1968, vazi lilikuwepo, mwili ulikuwa umekwisha kuwa vumbi. Enzi hiyo hiyo waliweka nyenje wa jade juu ya ulimi wa maiti, kwa sababu nyenje hukaa ardhini miaka kisha akatoka na mbawa mpya.

Kwa sababu ya makaburi hayo, Wachina wengi hawagusi jade kongwe wasiyoijua ilikotoka. Ya bibi yako, vaa. Ya mtu usiyemjua, iliyotoka ardhini, huenda ina mwenyewe.

Wanafunzi wa lugha, ninyi mmekwisha kuandika jade mara nyingi bila kujua. Andika “mfalme”, ongeza nukta moja chini kulia: yu, jade. Ifunike kwa paa: bao, hazina. Ukaizungushia ukuta pande nne: guo, nchi, kwa maandishi ya sasa yaliyorahisishwa. Kila unapoandika Zhongguo, yaani China, unaandika jade ndani ya boma.

Lakini aliyeipa jade heshima ya tabia ni Kongfuzi, huyu tunayemwita Confucius, aliyeishi kati ya mwaka 551 na 479 kabla ya Kristo. Katika Liji, kitabu cha kale cha adabu, mwanafunzi wake Zigong anamuuliza: kwa nini muungwana anaithamini jade na kulidharau jiwe jingine linalofanana nayo? Ni kwa sababu jade ni adimu? Mwalimu anamjibu kwamba uadimu haumo kabisa. Wa kale waliona tabia njema ndani ya jade. Ni laini na yenye joto la upole, huo ndio wema. Ina pembe, lakini haikati, hiyo ndiyo haki. Ukiigonga hutoa sauti safi inayokwenda mbali, kisha inakoma bila kukwaruza, huo ndio muziki.

Halafu anasema jambo ambalo mimi nimelipenda kuliko yote: dosari zake hazifichi uzuri wake, na uzuri wake haufichi dosari zake, na huo ndio uaminifu. Tazameni jade kwenye mwanga mtaelewa. Mawingu, nyuzi, madoa, yote yanaonekana. Mtu wa jade haigizi.

Katika zama zile waungwana walivaa vipande vya jade kiunoni, na adabu ilikuwa kwamba muungwana haiachi jade yake pasipo sababu. Akitembea kwa utulivu vinagongana kwa mdundo. Akikimbia ovyo vinapiga kelele, watu wanageuka. Kwa hiyo jiwe lilimlinda mtu na hatua zake mwenyewe.

Nirudi mitaani. Wenyeji wa pwani wanajua kwamba kanga bila jina si kanga. Mwanamke anamtumia jirani ujumbe kwa nguo tu, mdomo haujafunguka. Kidani cha jade nacho kina jina, ila jina limefichwa kwenye sauti. Popo kwa Kichina huitwa bianfu, na baraka huitwa fu, kwa hiyo ukiona popo amechongwa usishtuke, hakuna uchawi hapo, umeombewa baraka. Samaki ni yu, na ziada ni yu vilevile, kwa hiyo samaki ni dua ya riziki kubaki nyumbani. Kabichi ya Kichina, baicai, inasikika karibu sawa na mali mia. Kibuyu ni hulu, kinakaribiana na fulu, baraka na cheo. Mwanzi una pingili, na kila pingili iko juu ya mwenzake, kwa hiyo huvalishwa mwanafunzi apande darasa. Mtoto akitimiza mwezi huvalishwa kufuli dogo, lifunge uhai wake usitoroke. Na hicho mnachokizungusha kinaitwa ping'an kou, kifungo cha amani. Hakijachongwa kitu, ni duara tu, na ndicho akina mama wengi huwapa watoto wanaosafiri.

Wapo pia wanaovaa sanamu. Msemo wao ni kwamba mwanamume huvaa Guanyin, ambaye Wabudha humwomba huruma, na mwanamke huvaa Buddha, yule Milefo mcheshi mwenye tumbo kubwa. Husemwa kwamba mwanamume ana hasira na safari nyingi, basi awe karibu na huruma ya Guanyin. Na jina la Guanyin linasikika kama muhuri wa ofisa, jambo zuri kwa mtafuta cheo. Mwanamke, wanasema, ana mengi ya kumeza nyumbani, basi avae tumbo linaloweza kubeba yote. Niseme ukweli wangu hapa. Mimi ni Mwislamu, na sanamu sivai. Yule bibi mwenye nyumba alipotaka kunipa zawadi nilipoaga, nilimweleza kwa unyenyekevu. Hakukasirika hata kidogo. Akaenda chumbani akarudi na hiki kilichoko shingoni mwangu, ping'an kou isiyo na sura ya mtu wala ya mungu, kwenye kamba nyekundu aliyoisuka mwenyewe. Wenye jade maarufu, ile ya Hotan huko Xinjiang, kwa miaka mia nyingi wamekuwa Wauighuri, Waislamu, na mito yao miwili inaitwa Karakash na Yurungkash, yaani jade nyeusi na jade nyeupe. Waliitafuta mtoni miguu mitupu, wakiitambua kwa nyayo ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka.

Sasa wafanyabiashara, nimewasikia mnanong'ona tangu mwanzo.

Neno yu linabeba mawe mawili. Moja ni hilo la Hotan. La pili, lile la kijani kali linaloitwa feicui kwa jina la ndege mdiria, hutoka Myanmar, na liliingia China kwa wingi katika karne ya 18. Mtaalamu wa Kifaransa, Alexis Damour, ndiye aliyethibitisha mwaka 1863 kwamba ni mawe tofauti. Feicui madukani hupewa herufi: A haikuchezewa, B imechovywa kwenye asidi ikajazwa gundi, C imetiwa rangi. Iliyochezewa inapendeza mwaka wa kwanza, halafu inapauka. Usinunue bila cheti cha maabara, hata muuzaji akuite ndugu.

Na hii ndiyo sababu ya kuweka mezani. Katika biashara ya jade kitu hakipiti mkono kwa mkono. Mwenye nacho anakiweka, anakiachia kabisa, ndipo wewe unakichukua. Kikianguka kati ya mikono miwili, nani atalipa? Ugomvi huo hauna hakimu. Kwa hiyo wamewahi, na ikawa adabu. Ukifika dukani ukanyoosha mkono kumpokea mtu bangili hewani, wanajua kwamba hujafundishwa.

Huko Ruili, mpakani mwa Myanmar, wanauza mawe ambayo hayajapasuliwa, yana ganda la kahawia, na ndani hujui kama kuna kijani au changarawe. Wao wenyewe husema: kata moja umaskini, kata moja utajiri, kata moja nguo za msiba. Tafadhalini, kaeni mbali na kamari hiyo. Na mkishika feicui ya Myanmar mjue inatoka wapi: machimbo ya Hpakant, jimbo la Kachin, ambako vijana huokota mabaki kwenye vifusi vilivyotupwa na mashine. Mwezi Novemba 2015 kifusi kiliporomoka kikaua zaidi ya watu 100. Tarehe 2 Julai 2020 kikaporomoka tena, katikati ya mvua, zaidi ya 160 wakafa. Wachina wanasema jiwe humlinda mvaaji. Mimi huwauliza marafiki zangu wa huko, na wao hukaa kimya pamoja nami: aliyelichimba analindwa na nini?

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini ndugu zetu wa Kenya walioko hapa watanidai. Michezo ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, kila medali ilitiwa duara ya jade mgongoni, mfano wa visahani vile vya kale. Dhahabu ilipewa jade nyeupe, fedha ilipewa iliyochanganya nyeupe na kijani, shaba ikapewa ya kijani, zote kutoka milima ya Kunlun mkoani Qinghai. Samuel Wanjiru aliposhinda marathoni kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, na Pamela Jelimo alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya Olimpiki, walirudi nyumbani na jade nyeupe, ile ambayo zamani ilikuwa ya wafalme. Sisi tulihesabu dhahabu. Wachina waliokuwa wanatazama, nina hakika, waliona na jiwe.

Mkienda, basi: jade ya shingoni mwa mtu msiishike bila ruhusa. Imezoea ngozi yake, na wengi huona kwamba mkono mgeni unaichanganya. Ndiyo maana hii yangu sijaivua, nikanunua ile nyingine ije kuzungushwa. Mkiona bangili kwa mama wa watu, msiulize bei. Ulizeni nani alimvalisha, halafu kaeni, maana hadithi itakuwa ndefu.

Naona kijiwe kimefika mstari wa mwisho na kaka pale anakirudisha. Asante sana, kaka yangu. Hapana, usinipe mkononi. Kiweke hapo kwanza.

Haya. Kina joto.